Mama Mkwe na Sabuni Njiani

Mke alikuwa mwalimu, na uhamisho ulipomfika alitangulia na nguo zake tu. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alibaki kufunga vyombo na kuwaleta paka wawili: jike mzee aliyeitwa Mama Mkwe, kwa kuwa akishakalia kiti chako haondoki hata ukohoe, na mdogo mweupe pe, Sabuni.

Maagizo alipewa kwa simu, akayafuata yote. Aliwatengenezea kizimba cha wavu, akatandika taulo kuukuu lenye harufu ya nyumbani, akafunika shuka ili wasitishwe na magari. Asubuhi hakuwalisha, wasije wakatapika njiani. Akakaa nao kiti cha nyuma, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, akashika usukani.

"Nitaendesha kama nimebeba mayai," shemeji alisema, na kweli aliendesha hivyo.

Mchana wakakuta lori limepinduka darajani. Mbele hakupitiki, na nyuma magari yalishajazana. Pande zote mbili palikuwa na kingo za mawe, hakuna hata kichaka. Gari likawa tanuri.

Simu ikaita. "Wanaendeleaje?" mkewe aliuliza.

"Wamelala."

Fundi alisema hivyo huku Mama Mkwe akihema mdomo wazi, ulimi nje.

Wakakibeba kizimba hadi kwenye kivuli chembamba cha lori jingine lililosimama. Muuguzi mmoja aliyekwama nyuma yao akaja na chupa yake ya maji.

"Mloweshe masikio na nyayo, taratibu," alimwambia fundi. "Usimmwagie."

Fundi akalowesha kitambaa, akawapangusa wote wawili. Baada ya muda Sabuni alianza kuramba maji kiganjani mwake. Mama Mkwe hakuyatazama.

"Paka ana roho ngumu, shem," shemeji alisema, akitafuta la kusema.

Chuma gani kilikuwa kimewahi kumshinda fundi? Sasa alichuchumaa na kitambaa kibichi mkononi, asijue la kufanya. Alichukua kipande cha boksi akampepea Mama Mkwe. Pumzi za paka zikapungua, zikawa za kukatika-katika, kisha hazikuja tena. Aliendelea kupepea mpaka shemeji akamshika mkono.

"Basi, shem. Basi."

Ndipo njia ikafunguliwa, na honi zikaanza kupigwa nyuma yao. Hapakuwa na nafasi ya kuchimba hata shimo. Fundi alimviringisha Mama Mkwe kwenye shuka, akampakata, wakaondoka.

Simu ikaita tena. Shemeji ndiye aliyepokea. "Dada, tunakuja."

"Mbona sauti hiyo? Mpe mume wangu."

Fundi akaichukua. "Mama Mkwe ametutoka," alisema. "Joto. Tulikwama."

"Ulimpa maji?"

"Nilimpa."

"Kivuli je?"

"Nilimtafutia. Kila ulichoniambia nilikifanya, mke wangu."

"Najua," mkewe alisema. "Najua. Basi mlete huyo mwingine."

"Nawaleta wote wawili."

Gari lilijikokota nyuma ya malori. Sabuni, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akaanza kulia. Fundi aliingiza vidole kwenye wavu, akamwita, akambembeleza bure. Paka alilia hadi wakafika mlangoni.