Ng'ombe wa Matanga Katika Hesabu za Kampuni

Benta alinusa hila kabla hata Nashon, mwenyekiti wa kampuni yao ya samaki, hajamaliza kusoma hesabu za mwaka. Ilikuwa mwaka wa 1967, pale Sindo, kando ya ziwa. Wavuvi na wanawake arobaini walikuwa wamechanga wakanunua lori la kupeleka samaki wakavu Isebania. Benta aliuza mbuzi wake wote akapata hisa kumi. Gawio la mwaka huu, fungu lake la faida, ndilo lingemlipia bintiye Roselyn karo ya kidato cha kwanza. Njia nyingine hakuwa nayo.

"Kodi ya kampuni," Nashon akaeleza, "haitozwi pesa zote zilizoingia. Unatoa gharama kwanza: petroli, chumvi, mishahara. Kinachobaki ndiyo faida, na serikali inakata karibu shilingi nane kwa kila ishirini. Sasa, ndugu zangu, mwaka huu gharama zimemeza kila kitu. Faida hakuna, kodi hakuna."

Watu wakapiga makofi. Makofi, jamani, watu wazima na akili zao!

Benta akasimama. "Bwana mwenyekiti, gharama gani hizo?"

Nashon akasoma bila haya. Mabati ya nyumba yake, eti ghala. Ng'ombe wawili aliowachinja alipomzika mamake, eti chakula cha wafanyakazi.

"Na gawio letu?"

"Gawio hutoka kwa faida, Mama Roselyn. Na faida nimekwambia hakuna."

"Basi serikali ingekula nane, ikatuachia kumi na mbili. Wewe umekula ishirini zote."

Nashon hakukasirika. Alitabasamu, tabasamu lake lile la mafuta-mafuta. "Nani humu ndani hakula nyama ya matanga yale?"

Wote walikula. Nani hukataa sahani ya msiba? Benta mwenyewe alipewa mbavu, na mfupa akabeba nyumbani. Sasa alihisi ile nyama ikimrudi kooni, akajichukia karibu kama alivyomchukia Nashon.

Mikono ikainuka kupitisha hesabu, hata wa Marcella, mdogo wake Benta wa kuzaliwa tumbo moja. "Kaa chini, dada," Marcella akamnong'oneza, akimvuta nguo. "Angalau serikali haikupata kitu."

Benta akatema mate sakafuni mbele yao wote, akatoka. Nje Roselyn alikuwa akimngoja, amevaa viatu vya kuazima ili wapitie kwa fundi akapimwe sare.

"Wamesemaje, mama?"

"Virudishe hivyo viatu," Benta akasema.