Bakuli la Mastura

Wanawake wa Mkuyuni walinisifu. "Mama Yahaya, wifi yako amenawiri. Unamlisha." Nami nikafurahi, mjinga mimi. Mastura, mdogo wa mume wangu, alikuja kwetu kutoka Nansio kusoma, mwembamba kama ufito. Sasa gauni la shule lilimbana mbavuni. Lakini akipanda kilima alihema kama bibi kizee, pembe za midomo zilimchanika, na akipiga mswaki alitema damu.

Sikuelewa. Kila asubuhi nilimfungia bakuli la mchana: michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, niliyopika kwa karanga, mboga ya mgagani, na furu, visamaki vikavu vya ziwani. Ndivyo tulivyofundishwa darasa la lishe la jioni, mimi na rafiki yangu Paskazia, benchi moja. Mwalimu alisema sukari na mafuta vitamnenepesha kijana huku damu yake ikibaki na njaa. Paskazia aliyarudia maneno hayo kwa sauti kubwa kuliko sote. Mchana aliuza maandazi na kashata nje ya shule.

Alasiri moja nilipita kwake, Yahaya mgongoni. Watoto wake walikuwa wamelizunguka bakuli langu, wakinyonya vichwa vya furu.

"Karibu, mama Yahaya," Paskazia alisema, kisha akaona macho yangu yalipo.

"Limefikaje hapa?"

"Tunabadilishana na Mastura. Ananipa chakula hiki, nampa maandazi na kashata, siku nyingine soda. Sikumlazimisha. Wenzake wanamcheka, ati ananuka furu."

"Na yale ya darasani hukuyasikia?"

"Niliyasikia." Alimfuta mwanawe mdomo. "Ndiyo maana wangu wanakula hivi."

Nilirudi nyumbani nimebeba bakuli tupu. Mastura hakukana.

"Wifi, watu wakikusifu ulikuwa unacheka. Nikajua unapenda ninenepe."

Hilo nalo liliniingia.

Kesho yake mchana nilikwenda shuleni, nikaketi naye juu ya jiwe, mbele ya wasichana wote, nikafungua bakuli, nikaanza kula furu na michembe kwa mkono. Mmoja akaziba pua.

"Mama Yahaya, hata salamu?" Paskazia aliita kutoka kwenye karai lake. "Ile ni biashara tu, dada."

Sikugeuka. Nikachukua furu mwingine. Mastura aliyatazama maandazi, akawatazama wenzake. Kisha akavuta bakuli.

"Sogea, wifi," akasema. "Unazimaliza karanga."