Mgonjwa wa Mtaa Mzima

Kufungwa na watu wema ni kubaya kuliko kufungwa na serikali, na Afande alikuwa na haki ya kulinganisha, maana alifanya kazi ya uaskari jela miaka thelathini. Tangu saratani ya tezi dume imwingie hadi mifupani, zahanati na majirani waliunda ushirika wa kuwatunza wazee wagonjwa, na yeye ndiye wa kwanza kuandikwa. Zamu zikapangwa. Asubuhi mshonaji alileta uji, mchana mke wa mwalimu alikuja kufua, jioni fundi viatu alimtembeza hadi kona na kumrudisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja kila siku. Mwenyeji alizidi kukonda.

Usiseme hakuwa na shukrani. Alishukuru mpaka akachoka. Lakini ile dawa ya kupitishwa mshipani ilimlaza siku kumi kila alipochomwa, ulimi ukawa na ladha ya msumari, na safari iliyopita daktari alimwambia waziwazi: haitaponya, labda itaongeza miezi michache, akitaka kuacha ni haki yake, alete jibu Jumatatu ya kuchomwa tena. Afande aliamua siku hiyohiyo. Anaacha. Kilichobaki ni kulisema, na hapo ndipo maji yalipozidi unga.

Ushirika ulikuwa na sheria moja iliyosifiwa na kila mtu: mzee haingii kwa daktari peke yake. Wazee husahau, kwa hiyo mwenye zamu huingia naye, huandika maelezo daftarini na kumwulizia maswali. Kutoka kumwulizia hadi kumjibia zilipita wiki mbili tu.

Jumatatu ile zamu ilikuwa ya fundi viatu. Walitembea polepole kwenda zahanati, mkono wa mzee umebanwa kwapani mwa fundi.

"Unajua, mzee wangu, mama yangu alificha uvimbe mwaka mzima," alisema. "Tumekuja kujua, hawezi hata kukaa. Sasa nikikuona wewe unapigana, angalau nalala usingizi."

"Mimi sipigani, mwanangu. Mimi napigwa."

Fundi viatu alicheka mpaka akasimama. Hilo nalo lilikuwa balaa lake: mtaa mzima ulimjua kwa utani, hata akilia watu wangeshika mbavu.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alifunga faili. "Haya mzee, umeamua nini?"

"Tunaendelea, daktari," alijibu fundi viatu, kalamu tayari mkononi.

"Nimechoka," alisema Afande.

"Anatania huyo. Asubuhi kamaliza bakuli zima la uji."

Daktari aliwatazama wote wawili. "Kaka, hebu tupishe kidogo."

Mlango ulifungwa. Kwa miezi mitano Afande hakuwahi kukaa na daktari bila shahidi.

"Sasa niambie wewe mwenyewe," alisema daktari.

Neno lilikuwepo. Alikuwa amelifanyia mazoezi chooni, mahali pekee ambapo hapakuwa na zamu. Kupitia kioo cha mlango alimwona fundi viatu amekumbatia daftari kifuani, midomo ikichezacheza. Alikuwa anaomba. Afande alimwonea huruma, akamchukia kwa kumtia huruma hiyo, kisha akajichukia mwenyewe zaidi.

"Tuendelee," alisema.

"Una hakika, mzee?"

"Andika tu, binti yangu, kabla sijageuka."

Akaandika. Fundi viatu aliporudi alimshika mzee bega, machozi yakimlengalenga. Wakaenda pamoja chumba cha pili, Afande akaketi kwenye kiti kirefu, muuguzi akaja na sindano.

"Tuchome mkono upi leo?" aliuliza.

Afande alifungua mdomo. Fundi viatu alikwisha kumkunjia shati.

"Huu wa kushoto, dada," alisema kwa upole. "Wa kulia umechoka."