Upande Mnene wa Nguzo

Alhamisi, 12 Juni 2025. Upepo wa baridi ulipeperusha vumbi tangu alfajiri, na angani hapakuwa na wingu.

Jana jioni, kwenye darasa la watu wazima, mwalimu Jenifa alituonyesha picha ya hekalu la kale la Wagiriki. Mimi ni mwashi wa miaka hamsini na tisa, mkubwa kuliko wanafunzi wote, na maswali yangu hayaishi.

"Mwalimu, mbona nguzo zinapungua unene kuelekea juu?"

"Mzee Methusela, mwanzoni walijenga kwa miti. Inadhaniwa nguzo ya jiwe ilifuata umbo la gogo, shina chini. Unene huo wa chini ukawa kipimo chao. Urefu ulikuwa kama mara tano au sita yake, baadaye mara nane, hata tisa. Warumi wakaurithi ujenzi huo, wakaueneza."

"Na hivi vibao chini ya paa?"

"Wengi husema ni ncha za boriti zilizogeuzwa mawe."

Nikafurahi kama mtoto. Boriti zinazochomoza ukutani nilizijua kwenye tembe la mama yangu, nyumba ya paa bapa la udongo, hapa Hombolo. Kisha furaha ikakatika. Juzi nilisimika nguzo mbili za zege, zilizomiminwa na kukauka kabla, kwenye baraza la kanisa letu, na upande mnene niliuweka juu, kama panda ya nguzo ya tembe inayopokea boriti.

Leo nilisali, nikaenda na futi kamba. Chini sentimita thelathini, juu thelathini na sita. Hakuna aliyegundua. Ningeweza kunyamaza.

Nilimwita mwenyekiti wa ujenzi, Mama Ruthu, na mwashi mwenzangu Yotham.

"Zinayumba?" Mama Ruthu aliuliza.

"Haziyumbi."

"Sasa shida nini?"

"Zimesimama kichwa chini, mama."

Yotham alicheka mpaka akashika kiuno. "Profesa! Umezifundisha sarakasi!"

"Askofu anakuja Jumapili ya wiki ijayo," Mama Ruthu alisema, hacheki. "Ukizivunja je? Tutamkaribisha kwenye kifusi?"

Wanakwaya waliokuwa wakifagia walisogea kusikiliza. Nilivua kofia.

"Paa halijapanda, bado zinang'oleka. Mbele za Mungu na mbele yenu, naahidi: kesho jioni zote mbili zitakuwa zimegeuzwa. Ikivunjika hata moja, nitamwambia Askofu mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba kosa ni la Methusela."