Gunia la Karanga Ndani ya Mark II

Anselm alipoamua kuigeuza Mark II yake ya zamani iwe gari la mashindano, hakumuuliza mkewe. Alimtaarifu tu, tena akiwa ameshang'oa kiti cha nyuma na kukiweka sebuleni.

"Wageni watakikalia," alisema.

Recheli akakitazama kile kiti, akamtazama na mumewe, kisha akauliza kwa upole wanakwaya atawapakia wapi Jumapili. Anselm akajibu kuwa kanisa la Moravian si mbali na wanakwaya wana miguu.

Alikuwa na duka la vipuri pale Kanyenye, na kwa miaka mingi aliwauzia wenzake vifaa vya mashindano huku yeye akibaki nyuma ya kaunta. Safari hii yalitangazwa mashindano ya ridhaa, kutoka Tabora mjini hadi Ulyankulu kwa barabara ya vumbi. Mwenye gari lolote la kawaida aliruhusiwa, ilimradi alitengeneze liwe salama. Basi Anselm aling'oa mazulia, redio, hata taa ya ndani, gari liwe jepesi. Akainua springi. Akafunga bamba la chuma chini ya injini ili mawe yasiitoboe. Kikabaki kizimba, yale mabomba ya chuma yanayozunguka ndani ya gari ili likipinduka paa lisiwaangukie waliomo.

Kazi hiyo alimpa Amon, fundi wa kuchomelea kule Mtendeni. Siku ya kupima, watu walijaa karakana, na Anselm hakuweza kujizuia kuwaeleza namna dereva wa mashindano anavyokata kona. Amon alipohitaji mtu wa kukaa kwenye kiti cha dereva amshikie bomba, aliingia Recheli, ambaye alikuwa amemletea mumewe chakula. Bomba la upande wa abiria alilishika Anselm mwenyewe, ameketi humo, kichwa kikiwa nje ya dirisha, akiendelea kuhutubia. Amon akapima, akachomelea.

Ikumbukwe kwamba Recheli ni mwembamba. Anselm sivyo.

Gari lilipokamilika, Recheli ndiye aliyelitoa kwa fundi, maana Anselm alikuwa kwa jirani akijaribu helmeti. Asubuhi ya mashindano pia aliendesha Recheli hadi uwanjani, kwa kuwa Anselm alitaka mikono yote miwili ya kuwapungia watu.

Mkaguzi, mtu mtaratibu aitwaye Nikolaus, alimtaka dereva aingie, afunge mkanda, kisha atoke haraka bila msaada. Anselm akatia mguu. Tumbo likakutana na bomba. Akavuta pumzi, akaingia nusu, na hapo akakwama, hana mbele hana nyuma.

"Toa pumzi, kaka," alisema Nikolaus, akimsukuma bega.

"Nikiitoa ndipo bomba linabana zaidi."

Walipomchomoa, Nikolaus alimweleza kwa heshima kwamba kwa dereva huyu gari halitaondoka. Recheli akamkabidhi mumewe mkoba, akaingia, akafunga mkanda, akatoka kana kwamba amesahau kitu nyumbani.

"Leseni ninayo," alisema. "Na njia ya Ulyankulu naipita kila wiki kufuata karanga."

Anselm akajaribu upande wa abiria. Akatoshea kama yai kwenye trei. Aibu ilimshika, ila alikuwa ameshawapungia watu wengi mno kiasi cha kutoweza kurudi nyumbani.

Walianza vizuri. Anselm alisoma maelezo ya njia aliyoyaandaa, kwa sauti ya mtangazaji. "Kona kali kulia, baada ya mti uliolala."

"Mti huo waliuondoa mwaka jana," alisema Recheli, naye ameshapita.

Nusu ya njia wakakuta mchanga. Mkia wa gari, mwepesi kupita kiasi, ukayumba huku na huku, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure na injini ikazima. Kutoka nyumba ya kando ya barabara akaja mama mmoja, akijifunga kitenge vizuri. Alikuwa Demetria, aliyemuuzia Recheli karanga miaka yote.

"Shikamoo mama," Recheli alisalimu.

"Marahaba mwanangu. Nilijua hutanipita siku ya gulio." Demetria akafungua mlango wa nyuma. "Viti viko wapi?"

"Vimeng'olewa."

"Na nani?"

"Na mume wangu."

Demetria akamgeukia Anselm. "Basi beba mzigo wangu. Mimi nitafuata kwa bodaboda."

"Mama, haya ni mashindano," alisema Anselm.

"Nami sijawakataza."

Jirani zake wawili wakalitupia ndani gunia zima. Recheli akawasha, na gari, lililopata uzito nyuma, likauma mchanga na kuondoka. Mbele waliyapita magari matatu yaliyozama, madereva wakizidi kuyapunguzia vitu ili yawe mepesi. Anselm aliwapungia, kisha wakavuka daraja jembamba kwa kasi.

Walifika Ulyankulu wakiwa wa pili. Nikolaus, aliyetangulia na gari la waandaaji, alipofungua mlango, karanga zilimmwagikia viatuni. Bomba lilikuwa limechana gunia. Mzigo usiofungwa ni kosa, akasema, akawashusha hadi nafasi ya nne. Anselm akaanza kukata rufaa, lakini bodaboda ikasimama na Demetria akashuka.

"Hatoki mtu hapa mpaka ziokotwe zote," alisema.

Wakapiga magoti, hata Yoramu, mshindi wa siku hiyo, ingawa yeye alikuwa akila zaidi kuliko kuokota. Anselm alizitoa karanga kwenye ovaroli, kwenye helmeti, na mahali pengine ambapo aligeuka upande ili kuzitoa.

"Mwakani gunia tulifunge vizuri," alisema Recheli, ameshika beseni.

"Nani ataendesha?"

"Wewe utasoma. Ila usome kwa sauti. Pale darajani sikukusikia kabisa."

Anselm aliinama kuokota karanga nyingine. Hakumwambia kwamba pale darajani alikuwa amefumba macho.