Usingizi wa Mbaluka

Siku ambayo Mbaluka aliondoka asirudi tena, simu yake ililia mchana, mwenyewe akiwa usingizini. Mkewe, Muthoki, aliidaka mezani akaifunika kwa leso. Mumewe alikuwa amerusha ndege ya mizigo usiku kucha, usiku wa tatu mfululizo, kisha akaendesha gari kutoka Nairobi hadi Matiliku na kuanguka kitandani na viatu.

Usingizi ule ulikuwa na mlinzi. Muthoki alikuwa ametundika blanketi zito dirishani na kuwaomba majirani wasigonganishe ndoo kisimani. Hata kanisa liligeuza spika zake zikatazama upande wa pili. Jogoo naye, asije akawika, Muthoki alimpeleka kwa mama mkwe wake, Kanyiva, ng'ambo ya mto. Kanyiva alimpokea akimtania.

"Mwanangu alioa mke au askari?"

"Mwaitu, mwanao hulala kuku wakichakura," Muthoki alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Basi nilizaa popo!"

Walicheka hadi machozi.

Sasa, chini ya leso, simu ikalia tena. Mara ya tatu Mbaluka aliinuka, macho mekundu kama pilipili, akaipokea. Rubani mmoja alikuwa ameugua. Kampuni ilitaka mtu wa kuruka usiku huo.

"Waambie umechoka," Muthoki alisema.

"Niliwaambia wiki jana. Wakasema nani hajachoka." Alikuwa akitafuta kiatu chini ya kitanda, kumbe amekivaa. "Nikikataa watamwita Musyimi. Yule ana mtoto mchanga, hajui tena usingizi ni kitu gani."

"Na wewe unaujua?"

"Nitalala nikirudi. Jogoo asirudishwe kwanza."

Alfajiri ndege ilipitiliza uwanja ikaingia korongoni. Alikuwa peke yake. Waliokuja na habari walisema aliitwa kwenye redio mara mbili, hakujibu.

Siku ya mazishi waombolezaji waliingia bomani wakinyata, kwa mazoea. Walitoa pole kwa kunong'ona. Kanyiva mwenyewe alilia akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Muthoki aliinuka, akaenda dirishani, akaling'oa lile blanketi.

"Lia, Mwaitu," alisema. "Hakuna tunayemwamsha."

Hapo ndipo kilio kilipopanda, kikavuka mto.

Matanga yalipokwisha, Kanyiva alimrudisha jogoo akiwa amembana kwapani. Sasa jogoo analala jikoni kwa Muthoki. Huwika kungali giza, na Muthoki huamka akaenda kuchota maji.