Tenki Lililong'aa

Mama Povu alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa dereva wa basi, kwa hiyo usingizi wake ulikuja vipande vipande. Mvua ikinyesha, anawaza tairi. Jua likiwaka, anawaza breki. Mwenyewe alikuwa mfagiaji palepale kwenye yadi ya mabasi, na kila asubuhi alimfuata kijana kwenye dirisha la basi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Taratibu, mwanangu."

"Mama, hata sijawasha!"

"Ndiyo nakuwahi. Jaza mafuta wa kwanza, uondoke mapema, usije ukakimbiza gari ya watu."

Na kijana, kwa utii, akawa wa kwanza kujaza kila siku.

Jina la Mama Povu alibandikwa na madereva, maana hakuna kitu alichokigusa bila sabuni. Kipenzi chake kilikuwa tenki la dizeli, pipa kubwa lililolazwa juu ya nguzo fupi za zege, ambalo mabasi yote yalinyweshwa humo. Alfajiri alipanda ngazi na ndoo ya sabuni ya unga, akalisugua mgongo, akakizunguka kifuniko cha kujazia, kisha akafungulia mpira wa maji mpaka povu likateremka ubavuni kama ndevu.

"Mama Povu, tenki linang'aa kuliko kipara cha meneja!"

"Akikileta nacho nitakisugua. Gari ya mwanangu inakunywa humu, siwezi kuiachia uchafu."

Na ninyi wenzangu mnaomwaga maji kila mahali mkasema ndio usafi, sikilizeni vizuri hapa.

Meneja alifurahi mno. Wageni wakija, anawapitisha kwenye tenki kwanza. Akaamuru lipakwe rangi nyeupe lote, mpaka koki ndogo ya chini. Koki hiyo fundi alikuwa akiifungua mara kwa mara kutoa maji yaliyotuama, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli, huzama. Rangi ilipokauka, koki ikagoma. Fundi akaja na nyundo.

"Weka chini hiyo!" meneja akamkemea. "Utanibandulia rangi. Tenki safi namna hii utatoa uchafu gani?"

Fundi akaweka nyundo chini, akaenda kunywa chai.

Haukupita muda, basi la kijana likaanza kukohoa. Likazima mlimani, abiria wakashuka wakisonya. Fundi akafungua chujio la mafuta, akakuta maji. Akalisafisha. Likazima tena, safari hii katikati ya njia panda, lori likapita puani pake. Mabasi mengine yalikohoa kidogo tu, yakaendelea na safari.

Meneja akamwita kijana mbele ya yadi nzima.

"Gari moja, dereva mmoja, maji kila siku. Unauza dizeli huko njiani, unajazia maji. Lete funguo. Huna kazi."

Ufagio ulianguka.

"Mwizi nani? Huyu?" Mama Povu alikuwa ameshafika. "Huyu akiokota kifungo cha shati anakirudisha!"

"Mama, basi."

"Sinyamazi! Fundi, fungua tenki hilo, chini kabisa. Tuone maji yanatoka wapi, watu wote wakiwa hapa."

"Tenki hilo?" meneja akacheka. "Mama, hakuna tenki safi kama hilo."

"Na nani analisafisha? Si mimi? Basi nasema mimi. Fungua!"

Fundi hakungoja aambiwe mara mbili. Nyundo moja, mbili, rangi ikaruka, koki ikalegea. Kwanza ukatoka utelezi mweusi, mzito kama kamasi. Halafu maji. Ndoo ikajaa, ikaletwa nyingine. Yalikuwa meupemeupe, na juu yake, polepole, likaumuka povu.

Fundi akapanda ngazi, akainua kifuniko, akarudi na kipande cha mpira wa kuzibia kilichooza.

"Kifuniko hakizibi tena. Kila kinachomwagwa juu kinaingia. Usiku kinatuama chini, na anayejaza wa kwanza asubuhi ndiye anayekinywa chote."

Meneja alikuwa bado anatafuta pa kutokea. "Dereva mjanja huyu. Ametia sabuni kutupoteza!"

Mama Povu alitazama ndoo. Angeweza kukaa kimya, na labda wangeamini. Akatazama funguo mkononi mwa meneja.

"Sabuni ni yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namzimishia gari mwanangu. Halafu nakwenda dirishani namwambia taratibu."

Hakuna aliyecheka, hata yule aliyetania kipara. Meneja alirudisha funguo. Mama Povu naye hakufukuzwa, kwa kuwa barua ya kumfukuza ingebidi ieleze koki ilipakwa rangi kwa amri ya nani.

Siku hizi mpira wa kifuniko ni mpya, na tenki lina vumbi mpaka mtu anaweza kuandika jina lake. Mikono inamwasha Mama Povu, lakini ngazi imefungiwa. Kazi aliyobakiziwa ni kushika chupa ya kioo kila fundi anapofungua koki, na kuiinua kwenye mwanga.

"Mama, tenki limechafuka hilo," kijana anamchokoza dirishani.

"Nimeliona. Usiniseme."

"Na ndani?"

Anageuza chupa, anaitazama tena, na tena. Dizeli tupu, haina hata tone la maji.

"Ndani safi."

"Haya mama," anasema kijana, akiwasha gari. "Taratibu."